Karatasi ya kipimo cha moshi wa gari na namna ya kuisoma

Nimepeleka magari kwenye ukaguzi wa moshi kwa miaka mingi, ya petroli na ya dizeli. Kutokana na hayo ningependa kila mwenye gari ajue kwamba karatasi anayokabidhiwa baada ya kipimo ina thamani kubwa kuliko neno «amefaulu» au «amefeli» lililoandikwa chini yake. Tarakimu zilizomo hueleza hali ya injini, na anayeweza kuzisoma huepuka kununua vipuri ambavyo gari lake halikuvihitaji.

Ni vizuri kuelewa kwamba sheria hulipima gari mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana. Mara ya kwanza ni kabla ya aina mpya ya gari kuruhusiwa kuuzwa. Gari la mfano huwekwa ndani ya maabara juu ya roli, yaani mitungi inayozunguka chini ya magurudumu yake, huendeshwa kwa ratiba maalumu ya mwendo, na moshi wake hukusanywa ili ijulikane ni kiasi gani cha kila gesi kinachotoka kwa kilomita. Barani Ulaya viwango hivi vilianza na Euro 1 mwaka 1992. Katika Euro 6, oksidi za nitrojeni hazipaswi kuzidi miligramu 60 kwa kilomita kwa gari dogo la petroli na miligramu 80 kwa la dizeli.

Udhaifu wa maabara ulidhihirika Septemba 2015, Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani ulipotangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu iliyotambua kuwa gari linapimwa, ikapunguza uchafuzi kwa muda huo tu. Kampuni yenyewe ilikiri kuwa programu hiyo ilikuwa katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Tangu 2017 Umoja wa Ulaya umedai pia kipimo cha barabarani, kwa kifaa kinachofungwa nyuma ya gari likiwa safarini. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko yenye maana kubwa kuliko kupunguza miligramu chache katika jedwali, kwa kuwa mapafu ya watu huvuta hewa ya barabarani.

Mara ya pili ni ukaguzi wa kila kipindi, huu unaotuhusu sisi wenye magari. Hapa hakuna anayepima gramu kwa kilomita. Gari la petroli huchomekwa kipimio kwenye bomba la ekzosi, likapimwa injini ikiunguruma polepole, kisha ikizunguka mara 2,000 au zaidi kwa dakika, na mashine husoma asilimia ya gesi. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, magari mengi yaliyosajiliwa baada ya katikati ya 2002 hayatakiwi kuzidi asilimia 0.2 ya kaboni monoksaidi katika mzunguko huo wa juu, na lamda, yaani uwiano wa hewa na mafuta ukilinganishwa na ule unaofaa kabisa, ambao huhesabiwa kuwa 1, inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Tarakimu hizo zisomwe kwa pamoja. Kaboni monoksaidi ikiwa juu na lamda ikiwa chini ya 0.97, injini inapewa mafuta mengi kupita hewa iliyopo, na mimi humwomba fundi aanze na chujio la hewa, nozeli zinazovuja na sensa ya oksijeni. Haidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua, zikiwa juu ilhali kaboni monoksaidi ni ya kawaida, mara nyingi kuna silinda isiyochoma vizuri, na plagi au koili yake hushukiwa kwanza. Lamda ikizidi 1.03 peke yake, kagua kama bomba la ekzosi limetoboka, kwa sababu hewa ya nje inayoingia humo huharibu kipimo ingawa injini ni nzima. Masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya mfumo wa ekzosi, yaje mwisho kabisa, tena baada ya kujua kilichoyaua. Injini inayochoma oili au kupitisha mafuta mabichi itayaharibu mapya kama ilivyoharibu ya zamani, na kipuri hicho ni ghali mno kwa majaribio.

Siku ya kipimo gari lifike injini ikiwa imepata joto. Masega hayafanyi kazi ipasavyo mpaka yafikie joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, kwa hiyo gari zima lililotoka hapo jirani na kusubiri foleni likiwa limezimwa linaweza kufeli bila kasoro yoyote.

Ushauri ninaoutilia mkazo zaidi unahusu taa ya injini, ile ya onyo kwenye dashibodi. Wapo mafundi ambao hufuta misimbo ya hitilafu muda mfupi kabla ya ukaguzi, taa ikazimika. Kompyuta ya gari hujua kwamba imefutwa, kwa kuwa majaribio yake ya ndani ya masega, sensa na mvuke wa mafuta hurudi kwenye hali ya kutokamilika, na hukamilika tena baada ya gari kuendeshwa katika mwendo wa aina mbalimbali. Katika majimbo mengi ya Marekani, magari ya kuanzia 1996 hukaguliwa kwa kusoma kompyuta hiyo, na lenye majaribio mengi yasiyokamilika hurudishwa. Hata kubadilisha betri huleta matokeo hayohayo, hivyo usiibadilishe usiku wa kuamkia kipimo.

Kwa dizeli, mkaguzi hukanyaga mafuta mpaka mwisho gari likiwa limesimama, na mashine hupima jinsi moshi unavyozuia mwanga. Hakikisha mkanda wa taimingi na kiwango cha oili viko sawa kabla, kwani injini hulazimishwa kufika mzunguko wake wa juu kabisa. Wanaoshawishiwa kuondoa chujio la masizi kwa sababu kipimo hicho hakioni chembe ndogo sana wajue kwamba Uholanzi na Ujerumani, tangu 2023, zinahesabu chembe zenyewe, na Ujerumani hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa sentimita moja ya ujazo kwa magari ya dizeli ya Euro 6. Chujio lililoziba kwa masizi huweza kusafishwa, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kulirudisha lililokwisha kukatwa.