Wasomaji Wanauliza: Jua la Kivukoni na Usingizi wa Mchana

SWALI: Nafanya zamu ya usiku bandarini Kilindini, Mombasa, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nikifika nyumbani nalala kwa muda wa saa tatu tu, kisha macho makavu. Mke wangu anasema ni kelele za mtaa. Feni nawasha, mlango nafunga. Kosa liko wapi?
*Mfanyakazi wa zamu, Likoni*

JIBU: Kelele zina sehemu yake, ndugu, lakini anza na feri unayovukia kurudi Likoni. Ukivuka jua limeshapanda, maji yanameta, na mwanga unaokupiga usoni hupita lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Ofisi yenye taa nzuri ina 300 hadi 500 tu.

Nyuma ya jicho, mbali na seli za kuonea, ziko seli chache zenye rangi iitwayo melanopsini. Hizo hupima mwanga, hasa wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi, na kupeleka habari kwenye saa ya mwili, kishada kidogo cha seli ubongoni, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ndiyo maana wapo vipofu wasioona kitu ambao saa yao bado hufuata jua. Ukiwa juu ya feri, saa hiyo huambiwa kumekucha: melatonini, homoni ya usiku, hukatwa, na mwili hujiandaa kwa kazi wakati wewe unatafuta mto.

Basi geuza mambo. Tangu uingie zamu hadi saa tisa usiku, kaa kwenye taa kali kadiri kazi inavyoruhusu. Baada ya hapo epuka taa kali, ila usijinyime mwanga unaohitaji kwa usalama wa kazi. Kahawa ya mwisho iwe saa saba usiku, kwa sababu saa tano baadaye karibu nusu yake bado imo mwilini. Miwani myeusi ivae kabla hujatoka getini, usingoje kivukoni. Lakini ukiwa wewe ndiye unayeendesha, pikipiki au gari, usiivae: giza juu ya usingizi ni ajali.

Chumbani, pazia la maua halitoshi. Tundika kaniki mbili juu yake, zipite ukingo wa dirisha sentimita 10 kila upande, na juu zigusane na ukuta, maana mwanga mwingi huingilia hapo kwenye fimbo ya pazia. Tundu za hewa zilizo juu ya dirisha usizizibe kabisa, utapikika. Weka kipande cha kadibodi mbele yake, kikiacha nafasi ya upepo. Kisha saa sita mchana lala, nyoosha mkono. Ukiweza kuhesabu vidole, kazi haijaisha.

Siku za mapumziko ndizo zinazoharibu wengi. Usirudi moja kwa moja kwenye usingizi wa saa nne usiku. Lala saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, ili saa ya mwili isiyumbishwe kila wiki.

SWALI: Mwanangu ana siku nne, macho yamekuwa manjano. Mama mkwe anasema nimuanike dirishani asubuhi. Nifanye hivyo?
*Mama, Kisauni*

JIBU: Hapana, mama. Mpeleke hospitali leo apimwe bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu. (Haya si homa ya manjano ya mbu; majina tu yanafanana.) Mama mkwe hakukosea yote: mwanga wa buluu, nanomita 460 hadi 490, hugeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi iweze kutoka kwa nyongo na mkojo. Tatizo ni kiasi cha mwanga anachopata. Dirishani jua husogea, wingu hupita, mtoto amefunikwa nusu, na akivuliwa nguo juani huungua au kukaukiwa maji. Chini ya taa ya hospitali analala na nepi tu, macho yamefunikwa, na anaendelea kunyonya kila saa mbili hadi tatu.

Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akikataa titi, akilegea, akilia kwa sauti kali au akijikunja mgongo kwa nyuma, usingoje hata kupambazuke.

SWALI: Navaa buibui na nakaa karibu na dirisha la kioo. Vitamini D napata?
*Bi wa Mji wa Kale*

JIBU: Hapo dirishani, karibu bure. Kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB, inayoitengeneza vitamini hiyo ngozini. Kaa uani, mikono na miguu wazi, wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Hapa Mombasa ni kama saa tatu unusu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, lakini ondoka kabla haijaanza kuchoma. Na dagaa usiwadharau, nao wana vitamini D.