Jibu: Kroasanti za harusi, USITUME ARBUNI LEO

Dadangu, weka simu chini kwanza. Umeandika umeonja kroasanti, kile kitafunio cha unga wa kukunjwa tabaka tabaka na siagi, ya bekari fulani ya Nyali hapa Mombasa saa moja asubuhi ikiwa moto moto, imekuyeyukia mdomoni, na jioni hii wataka kutuma arbuni ya oda ya watu 80 kwa harusi ya nduguyo, hapa waulizia tu kama kuna pazuri zaidi, bei ikoje, za chokoleti zapatikana wapi na kama wanaleta mpaka Mtwapa. Mie nlipofika kwa "moto moto" chai yangu ilipoa mkononi. Manake hivo hivo ndivo nlivosema mie mwaka juzi.

Kroasanti ya moto haionjwi. Yaani ile raha unayoipata pale ni raha ya moto, si ya kroasanti, hata kadibodi ukiitoa kwa oveni ukaipaka sukari utaisifu.

Dadangu mdogo aliolewa, sisi twakaa Tudor, na mie kwa kiherehere changu nkasema asubuhi ya nikahi wageni wa bwana harusi wasipewe mahamri na mbaazi kama kila nyumba, tuwape kitu cha maana. Mamangu aliniangalia tu, hakusema. Nna binamu yangu ambaye kazi yake ni kujirekodi akila, ana wafuasi wengi kuliko akili, yeye ndo alonipeleka bekari akanifikisha mpaka kaunta. Saa moja kasorobo, trei ndo yatoka, harufu imejaa hadi barabarani, kroasanti zimepinda vizuri kama mwezi mwandamo, zang'aa. Nkala mbili nimesimama. Binamu aniambia ona umbo hilo, hio ndio ya Kifaransa yenyewe. Nkamuuliza msichana wa kaunta, hizi za siagi? Akanijibu bila kupepesa, siagi tupu. Basi nkatuma arbuni pale pale, kroasanti 120 kwa 150 moja, jumla 18,000, nusu kwanza, nkatoka najiona mjanja wa mji.

Oda ilikuwa ifike saa tatu. Walizioka usiku, wakazipakia zingali na moto kwenye maboksi ya plastiki yenye vifuniko, wakazifunga hivo hivo mpaka asubuhi, alafu zikapanda tuktuk zikakaa kwenye jam ya Nyali Bridge na jua la mwezi wa tatu, na jua la mwezi wa tatu hapa kwetu sina haja ya kukuelezea. Zilifika saa nne kasoro. Nlipofungua boksi la kwanza kifuniko kilikuwa chatona maji kwa ndani kama kioo cha matatu siku ya mvua. Zimeshikana. Nkachukua moja nkaivuta, badala ya kuvunjika ikavutika kama chapati ya juzi. Nkatia mdomoni nkijipa moyo labda ladha iko, wapi, nkimeza kuna kitu kimebaki juu kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa, hata chai haikitoi. Vidoleni pia, nkisugua gumba na kidole cha shahada mafuta yale hayaishi, yajiviringa tu.

Na wageni washakaa. Kuna shangazi wa bwana harusi ameishi Marseille miaka mingi, akachukua moja kwa adabu, akaipasua katikati, akaiangalia ndani kama daktari aangaliavyo koo la mtoto, akaifunika na serviette taratibu. Hakula. Ami yangu naye, yeye hana adabu hizo, kwa sauti mbele ya watu: "Hili ni hamri limesahauliwa iliki?" Nyumba nzima ikacheka, nami nkacheka, ungefanyaje. Alafu mamangu bila neno akaenda jikoni akarudi na beseni mbili za mahamri, kumbe alishaagiza kwa jirani kisirisiri tangu jana yake. Zikaisha. Kroasanti zilibaki kama 90, nlizila wiki nzima kwa hasira, nyingine nkawawekea paka wa mtaa wakanusa wakaondoka, na hawa ni paka wala maganda ya kaa.

Sasa wacha nseme na walonidanganya. Yule msichana wa kaunta kwanza, ambaye mpaka leo sijui kama alidanganya. Huku kwetu kila kinachopakwa mkateni ni siagi, si ndio? Ya kopo, yaani majarini ya mafuta ya mimea, siagi, ya ng'ombe siagi. Kwa hivo ukiuliza "ni siagi?" utaambiwa ndio mpaka kiyama. Uliza "ni ya ng'ombe ama ni majarini?" na umwambie akuonyeshe karatasi ilofungiwa, akikunja uso ushapata jibu. Binamu ndo simsamehei. Nlikuja kujua baadae kuwa lile boksi alilokuwa akipeleka kwao kila Jumamosi hakulilipia hata shilingi. Na hilo la umbo, yule shangazi alinieleza mwenyewe wakati wa kuaga, kule Ufaransa iliyonyooka mara nyingi ndio ya siagi, iliyopinda ndo hasa huwa ya majarini, wauzaji wamezoea kuzitofautisha hivo. Yaani mwezi mwandamo wangu ulikuwa ndio tangazo la majarini, nami nausifia! Tena kitu chenyewe asili yake ni Vienna, ni yule August Zang alofungua duka la mikate ya kwao pale Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, kwa hivo binamu hata kwa historia aliniuza.

Kwa nini ya moto ilinidanganya, nimekuja kuelewa. Siagi ya ng'ombe huyeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35 hivi, chini ya joto la mwili, ndo maana ikiingia mdomoni yapotea. Majarini ya kukunjia unga imetengenezwa makusudi ivumilie joto, nyingi haziyeyuki vizuri mpaka zipite nyuzi 37. Kroasanti ikitoka kwa oveni zote mbili zimeyeyuka, huwezi kuzijua. Ikipoa ndo majarini yaganda na kujitangaza. Na mwokaji wa Mombasa mie simlaumu sana, unga ule wakunjwa na siagi mara tatu, kila mara kwa tatu, zapatikana tabaka 27 za siagi, na kati ya mkunjo na mkunjo lazima upumzike kwa friji. Jikoni kwetu mchana ni nyuzi 30 na ushee, siagi yakimbia kabla hujamaliza mkunjo wa kwanza. Kwa hivo ama awe na chumba cha AC na alipe stima, ama akunje usiku wa manane, ama atie majarini alale zake. Wengi walala.

Na nyinyi mlojibu hapo juu "nenda palipo na foleni", foleni ya saa moja asubuhi ni foleni ya watu wanaokula moto. Mie nlikuwa kwa hio foleni.

Fanya hivi. Kesho nunua moja, moja tu, itie kwa mfuko wa karatasi, si wa plastiki, usiiguse mpaka uadhiniwe adhuhuri. Alafu ivunje. Ganda la juu lataka kupukutika mpaka uchukie kufagia, ndani uone vyumba vyumba kama sega la nyuki, si kama boflo. Kula, meza, subiri kidogo, pitisha ulimi juu kwenye kaakaa. Pakiwa safi, hao ni wako. Pakiwa na ile nta, hata wakupe bure usichukue. Na hewa yetu hii yenye unyevu, hata nzuri kabisa ikifika adhuhuri ganda hulegea kidogo, hilo wasamehe, nta usisamehe.

Mie sa hizi nanunua kwa kijana mmoja akunjaye saa nane za usiku, hana TikTok hana nini, zake zimenyooka kama rula, akiwa hajapata siagi hupiga simu asubuhi kusema leo hakuna. Nlipompelekea mamangu aliila yote, alafu akauliza kama na mahamri anatengeneza.

Arbuni usitume lakini. Na waambie maboksi ya karatasi, wasifunge mpaka zipoe kabisa, na ziokwe alfajiri ya siku yenyewe, wakikataa moja katika hayo hama. Za chokoleti ulikuwa umeuliza nini vile?