Umeteuliwa kwenye kamati ya viwango? Soma haya kabla ya kikao cha kwanza

Barua ya kukuteua kwenye kamati ya kiufundi ya viwango huja na tarehe ya kikao, ajenda, na rasimu ndefu kuliko muda uliopewa kuisoma. Jambo moja halimo: hakuna anayekuambia kwamba unakwenda kukaa meza moja na washindani wa mwajiri wako kujadili bidhaa zenu zote ziweje. Na washindani wanaokaa pamoja wakakubaliana jambo, hata liwe jema, ndio watu ambao sheria ya ushindani huwatilia shaka kuliko wote.

Mimi ni mhandisi wa umeme, sijasomea sheria. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati za nyaya na vifaa vya umeme wa majumbani, na mjumbe mgeni akija huwa ananiuliza asome nini mtandaoni. Zamani nilikuwa nawatumia miongozo. Nimeacha. Mwongozo wa ushindani husomwa kama masharti yaliyochapwa nyuma ya tiketi ya basi: kila abiria anayo, hakuna aliyefika mwisho. Sasa nawaambia waanze na hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sababu ndani yake kuna watu wanaofanana na sisi: wahandisi, mameneja wa mauzo, makatibu wa kamati, barua na kura.

Ya kwanza ni Allied Tube dhidi ya Indian Head, ya mwaka 1988. Andika jina hilo kwenye tovuti ya Justia au ya Chuo cha Sheria cha Cornell, utaipata yote bure. Indian Head ilikuwa inatengeneza mabomba ya PVC ya kupitishia nyaya za umeme ukutani, wakati soko lilikuwa limezoea mabomba ya chuma. Kanuni za umeme za chama binafsi kiitwacho NFPA ndizo ambazo majimbo na miji mingi ya Marekani huzigeuza kuwa sheria, kwa hiyo bomba lisiloruhusiwa humo ni shida kuliuza. Pendekezo la kuruhusu PVC lilipita kwa wataalamu, likabaki kupigiwa kura kwenye mkutano wa mwaka 1980. Kampuni za chuma zikaandikisha wanachama wapya 230 kwa ajili ya kura hiyo. Walikuwemo wafanyakazi wao, mawakala wa mauzo, wafanyakazi wa mawakala hao, hata mke wa mkurugenzi mmoja wa mauzo. Zilitumika zaidi ya dola 100,000. Ukumbini walipangiwa pa kukaa, na viongozi wa vikundi wakawa wanawaelekeza namna ya kupiga kura kwa redio za mkononi na ishara za mikono. Pendekezo likaanguka kwa kura 394 dhidi ya 390.

Nikiisimulia, watu hucheka wakifika kwa yule mke wa mkurugenzi. Kisha nawauliza: walivunja kanuni gani ya chama? Hawakuvunja hata moja. Bodi ya NFPA yenyewe iliona kwamba kanuni zilikwepwa kiujanja lakini hazikuvunjwa. Kampuni ikajitetea kwamba kwa kuwa kanuni hizo huishia kuwa sheria, basi kuzipigania ni sawa na kuishawishi serikali, jambo ambalo Marekani inalilinda. Mahakama ikakataa: chama binafsi chenye wanachama wenye maslahi ya kifedha hakiwezi kuhesabiwa kama bunge. Ila mahakama hiyohiyo ilisema unaweza kutetea bidhaa yako kwa nguvu zote, mradi uje na ukweli na ushahidi wa kisayansi. Sehemu hii ndiyo inayomfaa mjumbe. "Tumefuata utaratibu" haikukingi kama lengo lilikuwa kumfungia mwenzako mlango. Kujenga hoja ya kitaalamu, hata kali, ni haki yako.

Hukumu ya pili ni ya mwaka 1982, ASME dhidi ya Hydrolevel, nayo huwa inawatisha wenyeviti. ASME ni chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, na kanuni zake za boila ni maarufu duniani. Kampuni ya McDonnell & Miller ilikuwa imelishika soko la kile kifaa kinachokata mafuta ya boila maji yakipungua. Hydrolevel ikaja na kifaa chake, chenye kuchelewa kidogo kabla ya kukata, na mwanzoni mwa 1971 ikapata mteja mkubwa, kampuni ya gesi ya huko Brooklyn. Sasa, makamu wa rais wa McDonnell & Miller alikuwa pia makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya ASME iliyohusika na vifaa hivyo. Ikaandikwa barua ya kuuliza tafsiri ya kanuni, ya kitaalamu kabisa kwa kuitazama. Mwenyekiti wa kamati ndogo, ambaye alishirikishwa tangu barua ya swali ilipokuwa inatungwa, akaandaa majibu, na majibu yakatoka kwa jina la ASME. Maana yake kwa msomaji ilikuwa moja: kifaa chenye kuchelewa si salama. Wauzaji wa McDonnell & Miller wakawa wanawaonyesha wateja barua hiyo.

ASME ilijitetea kwamba haikufaidika hata senti, na waliotenda ni watu wa kujitolea waliokuwa wanawatumikia waajiri wao. Mahakama ikasema chama kinawajibika, kwa sababu watu hao walionekana mbele ya umma kuwa wanazungumza kwa mamlaka yake. Tangu nisome hukumu ile, sikubali ombi la tafsiri ya kiwango lijibiwe na mjumbe mmoja anayeuza bidhaa inayoulizwa, hata awe ndiye anayeijua kuliko wote. Aseme maslahi yake, ayaandike, akae pembeni wengine waandike majibu. Kuna wanaoniona msumbufu kwa hilo, na sijali.

Baada ya hukumu hizo mbili mtu huogopa, akadhani kikao chenyewe ni kosa. Hapo ndipo miongozo inapoanza kuwa na kazi. Miongozo ya Tume ya Ulaya kuhusu ushirikiano wa washindani, iliyoanza kutumika Julai 2023, ina sura nzima ya viwango, na imo bure kwenye EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya. Ukiipunguza, inauliza mambo manne: je, ushiriki uko wazi kwa wote wenye nia? Utaratibu ni wa uwazi? Kuna anayelazimishwa kukifuata kiwango? Na anayekihitaji atakipata kwa masharti ya haki, yenye mantiki na yasiyobagua? Kamati inayojibu vizuri maswali hayo kwa kawaida haina wasiwasi. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2004, ilipunguza hatari kwa vyombo vya viwango vinavyojiandikisha kwa wizara ya sheria na tume ya biashara: vikipatikana na hatia, fidia haizidishwi mara tatu kama ilivyo kawaida huko. Tazama vizuri neno "vyombo". Nafuu hiyo haimfikii mjumbe wala kampuni iliyomtuma.

Kama muda wako ni wa kikombe kimoja cha chai, soma RFC 9680. Ni waraka mfupi wa IETF, wale wanaotunga viwango vya intaneti, uliotolewa mwaka 2024 kwa ajili ya washiriki wake. Haujajaa lugha ya mahakamani. Unataja mambo ambayo washindani hawapaswi kuyajadili wakiwa kwenye kazi ya viwango, kama vile bei na faida. Mimi huutumia hata kwenye kamati isiyohusiana kabisa na kompyuta.

Na sisi tusijidanganye, hatari kubwa kwetu haiko ukumbini mbele ya katibu anayeandika muhtasari. Iko wakati wa chai, na siku hizi iko kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe. Chukua mfano wa nyaya. Bei ya shaba kwenye soko la metali la London iko hadharani, na mtu akiituma kundini hajafanya kosa. Anayefuata akiandika "jamani hii lazima tuongeze bei mwezi ujao," mambo yamebadilika. Kutojibu hakukusaidii sana, maana kesho itasomwa kwamba ulikuwepo ukanyamaza. Andika palepale kwamba mada hiyo haihusiani na kamati na kwamba wewe hutashiriki. Ikiendelea, toka kundini, umjulishe katibu kwa barua pepe. Kikaoni ni hivyohivyo: omba muhtasari uonyeshe kwamba ulipinga na saa uliyotoka.

Hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ndiyo sehemu nyingine ya kusomea, hasa kwa walio kwenye simu na vifaa vya elektroniki. Anzia kwenye shauri la Dell la mwaka 1996, kwenye tovuti ya tume ya biashara ya Marekani, FTC. Mwakilishi wa Dell kwenye chombo cha viwango alithibitisha kwa maandishi kwamba, kwa kadiri anavyojua, kiwango kilichopendekezwa hakigusi hataza za kampuni yake. Kiwango kikapokelewa sokoni, kisha Dell ikaanza kudai haki ya hataza. Iliishia kukubali kutoitumia dhidi ya waliofuata kiwango hicho. Kisha soma shauri la Rambus, kampuni ya teknolojia ya kumbukumbu za kompyuta, lakini usiishie njiani, kwa sababu FTC iliitia hatiani mwaka 2006 na mahakama ya rufaa ya Washington ikautengua uamuzi huo mwaka 2008. Makala nyingi za mtandaoni huishia 2006. Kwa Ulaya, hukumu ya Huawei dhidi ya ZTE ya Julai 2015 inaeleza hatua ambazo mwenye hataza na anayeihitaji wanatakiwa kuzipitia kabla ya kukimbilia zuio la mahakama. Ukitaka kujua nani ametangaza hataza kwenye viwango vya simu, hifadhidata ya ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, iko wazi kwa yeyote. Kumbuka tu kwamba kampuni ndizo zinazojitangazia humo.

Angalia tarehe ya kila unachopakua. Kuhusu hataza za viwango peke yake, serikali ya Marekani ilitoa tamko mwaka 2013, ikalibadilisha 2019, na 2022 ikaliondoa lile la 2019 bila kurudisha la kwanza. Yote matatu bado yanaelea mtandaoni, na mashine ya kutafutia haitakuambia lipi limekufa.

Kwa nyumbani, usinukuu sheria ya Marekani kwenye kikao cha Dar es Salaam au Nairobi ukadhani umemaliza. Tanzania ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Ipo TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, na vifungu vya 8 na 9 ndivyo vya kuanza navyo. Cha 9 kinakataza washindani kupanga bei, kususia kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2010, ipo kwenye tovuti ya Kenya Law. Soma kifungu cha 21, halafu cha 22 kinachohusu vyama vya wafanyabiashara, kwa sababu wajumbe wengi wa kamati hutumwa na vyama hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilipitisha mwaka 2006 sheria ya ushindani na sheria ya viwango, mbili tofauti, na mjumbe wa kamati za kanda anapaswa kuwa nazo zote.

Kwa ambaye hajateuliwa lakini kiwango kinamgusa, fundi au mzalishaji mdogo, nyaraka za WTO, Shirika la Biashara Duniani, kuhusu vikwazo vya kiufundi vya biashara zina kanuni za mwenendo mwema kwenye kiambatisho cha 3. Chombo cha viwango kilichozikubali kinatakiwa kutoa angalau siku 60 za kupokea maoni kabla ya kupitisha kiwango, isipokuwa kwa dharura kama za usalama au afya. Fuatilia tangazo la rasimu kwenye tovuti ya TBS au KEBS, andika maoni yako ukitaja namba ya kifungu na maneno unayopendekeza yawekwe, yatume kabla ya tarehe ya mwisho, na utunze nakala yenye uthibitisho wa kupokelewa. Maoni yasiyotaja kifungu huwa tunayapitia kwa dakika moja.