Muulize Fundi: Kifaru cha Mvuke Huanza na Boila

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kifaru cha plastiki aina ya Leman Russ, cha ule mchezo wa Warhammer 40,000 wa Games Workshop. Nataka kukigeuza kiwe gari la vita la mvuke la enzi za Malkia Victoria, miaka ya 1880 hivi, tucheze nalo mezani mimi na wenzangu. Nimebandika dohani nyuma na magurudumu ya saa ubavuni, lakini wenzangu wanasema bado ni kifaru cha dizeli kilichovishwa mapambo. Niondoe mnara wa mzinga? Nikate minyororo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wameona sawa, ila dawa haipo kwenye mnara wala kwenye minyororo. Mimi nimejifunza kazi kwenye injini za mvuke za reli, karakana ya Nairobi, na kwa fundi wa mvuke gari ni boila kwanza. Vingine vyote vimeshikizwa hapo.

Boila ya treni au ya trekta la mvuke huwa na moto upande mmoja. Moshi wake hupita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji, hutokea kwenye kisanduku cha moshi upande wa pili, ndipo hupanda dohani. Kwa hiyo dohani haikai popote tu. Ukiiweka nyuma kabisa kama ulivyofanya, maana yake mlango wa moto uko katikati ya gari, na hapo lazima pawe na mtu mwenye koleo, na makaa karibu yake. Je, nafasi hiyo ipo? Pima. Kwa kipimo cha modeli yako, 1:56 (yaani sentimita 1 ya modeli ni 56 za kweli), mtu mzima ana urefu wa kama sentimita 3, na koleo linahitaji nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kurusha.

Ningefanya hivi. Kata lile bamba linalofunika injini nyuma ya mnara. Laza hapo kipande cha bomba la maji la plastiki, la milimita 20; kwa kipimo chako hiyo ni boila yenye upana wa mita moja na ziada, jambo linaloaminika. Acha nusu ya juu ionekane. Mwisho wa nyuma ubandike kifungo cha shati, ndio mlango wa kisanduku cha moshi, na juu ya kisanduku hicho, si pengine, simamisha dohani. Mwili wa kalamu ya biki unatosha kabisa. Katikati ya boila weka kuba la mvuke na valvu ya usalama. Vile visanduku vya bunduki vya ubavuni, kimoja kifanye tangi la maji, chenye mpira wa kunyonyea maji na ndoo iliyoning'inia, na kingine kijaze makaa ya kweli uliyoyaponda. Gari likiwa dogo na boila ya kulala haiingii, tumia boila ya kusimama, yaani moto chini na dohani juu, kama winchi za mvuke za bandarini zilivyokuwa.

Mnara uache. Watu hudhani ni kitu cha karne ya 20, lakini manowari ya Marekani iitwayo Monitor ilipigana mwaka 1862 ikiwa na mnara uliogeuzwa na injini ndogo ya mvuke. Antena ndiyo ikatwe, maana Marconi, yule wa redio, aliomba hataza yake ya kwanza London mwaka 1896. Badala yake weka mlingoti wa bendera.

Kuhusu minyororo, Mwingereza James Boydell alikuwa na magurudumu yanayojitandikia mbao zake yenyewe tangu kabla ya 1860, lakini mnyororo kamili wa injini ya mvuke, ule wa Alvin Lombard wa kule Maine, Marekani, ulipata hataza mwaka 1901, mwaka aliofariki Malkia. Ukitaka kuwa karibu na ukweli, weka magurudumu. Kiwanda cha John Fowler cha Leeds kilitengeneza mwaka 1900 magari ya mvuke yaliyofunikwa bamba za chuma, kwa ajili ya vita vya Afrika Kusini, nayo yalikwenda kwa magurudumu na kuvuta mabehewa ya askari. Gurudumu la nyuma la mita 2 ni milimita 36 kwako. Tafuta kifuniko cha chupa cha upana huo, ukichonge spoki.

Na yale magurudumu ya saa yang'oe, tafadhali. Gia ikionekana nje lazima iwe imeshika gia nyingine, na hiyo iifikie ekseli. Gia isiyogeuza kitu humchoma macho kila aliyewahi kupaka grisi.

SWALI: Fundi, mwanangu wa miaka 12 ameanza mambo haya na nyumba inanuka gundi. Je, ni salama? Na mbona bomba lake la boila linang'oka kila mara? (Mama, Leicester)

JIBU: Dada, maswali yako mawili yana chanzo kimoja. Gundi ya modeli huyeyusha plastiki ya modeli na kuiunganisha ikawa kitu kimoja, lakini bomba la maji ni plastiki ya namna nyingine, na gundi ile hailiyeyushi ipasavyo. Hapo atumie supa gluu, akilikwaruza bomba kwa msasa kwanza. Gundi zote mbili zitumike dirisha likiwa wazi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vipande vya rezini: vumbi lake lisivutwe puani hata kidogo. Asugue kwa msasa uliolowa maji, avae barakoa, na kisu kipya akate nacho ukiwa karibu naye.

SWALI: Mzee, ribiti nizitengenezeje, na nipake rangi gani? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Kichwa cha ribiti cha milimita 28 ni nusu milimita kwa kipimo cha 1:56, basi usibandike shanga. Kata trei ya foili ya chakula, ilaze kifudifudi juu ya kadibodi, ubonyeze kwa sindano butu ukifuata rula. Ribiti hukaa pale bamba mbili zinapokutana, na pale penye fremu nyuma yake. Kwenye maungio ya boila zinabanana. Kwenye deraya, yaani bamba za kinga, zinaachana. Bamba lililojaa ribiti katikati bila sababu limeharibiwa.

Rangi ziko nyingi na ni nzuri. Reli ya Midland ilipaka injini zake nyekundu iliyokolea tangu miaka ya 1880, Great Western kijani, na manowari za Malkia zilikuwa na ubavu mweusi, sehemu za juu nyeupe na dohani za manjano ya kahawia iliyofifia. Chagua mojawapo, lakini kisanduku cha moshi kipake nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa joto lake huondoa rangi nyingine yoyote. Halafu usimwage kutu kila mahali. Injini inayotunzwa haina kutu. Ina mafuta kwenye vyuma vinavyocheza, masizi mdomoni mwa dohani, na michirizi myeupe ya chokaa pale maji yanapovuja kwenye valvu na maungio. Hiyo michirizi myeupe naipenda kuliko vyote, na ni wachache wanaoiweka. Ukifika Nairobi, ingia makumbusho ya reli, uitazame Mount Gelai. Ni injini ya miaka ya 1950 na ilichoma mafuta, lakini utaona kwa macho maji yanakaa wapi na moshi unatokea wapi.

SWALI: Gari kama hili liende inchi ngapi kwa zamu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliyabana magari ya mvuke yasizidi maili 4 kwa saa mashambani na 2 mjini, huku mtu akitangulia na bendera nyekundu. Vitani bendera haipo, lakini mwendo uwe wa askari anayetembea, uzidi kidogo barabarani tu. Na uweke kanuni ya maji: kila baada ya zamu kadhaa lisimame mtoni au kisimani. Hapo mchezo unanoga, kwa sababu adui naye atakilinda kisima.

SWALI: Assalamu alaikum mjomba. Wazee wangu walitoka Unguja. Kuunda gari la mvuke la jeshi la Sultani, ni kulazimisha? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaikumu salamu mwanangu. Hulazimishi kitu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga reli kutoka kasri lake kwenda Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi) kwanza, na mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kwa Bagnall wa Uingereza. Meli yake iitwayo Glasgow ilikuwa ya mvuke vilevile, na Waingereza waliizamisha tarehe 27 Agosti 1896. Mvuke ulikuwepo. Kuuongezea deraya ni hatua ndogo sana ya ubunifu, na nimefurahi mno umeiwaza.

Anza na modeli nyembamba kabisa uliyo nayo, maana vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi kifaru kipana. Boila iwe ya kusimama. Magurudumu manne, yote yakisukumwa, kama injini ile ya Bagnall. Silaha iwe Gatling, ile bunduki ya mitutu mingi ya kuzungusha. Mwaka 1896 kasri lilikuwa nayo. Bendera ni nyekundu tupu, bila alama. Na badala ya makaa ya mawe ya kuletwa na meli, mimi ningepakia kuni za mikoko, vijiti ulivyovikata sawasawa. Ila moto wa kuni hurusha cheche, kwa hiyo mdomo wa dohani uupanue kama faneli, na juu yake unyooshe kipande cha wavu wa chai: mapaa ya makuti ya mtaa wa Ng'ambo yako jirani.