Miguu inakataa nikishuka kwenye baiskeli

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha, nina miaka 34. Mbio nimezizoea, nikijituma, kilomita 5 namaliza kwa dakika 23. Mwezi uliopita niliingia duathloni yangu ya kwanza: kukimbia kilomita 5, baiskeli 20, kisha kukimbia tena 2.5. Zile 5 za mwanzo nilitumia dakika 23 zangu. Kwenye baiskeli nikapitwa na watu wengi, na niliposhuka miguu haikuwa yangu tena: kilomita 2.5 zilinichukua dakika 16. Baiskeli ni ya gia, ya mtumba, na siti nimeishusha ili nikisimama miguu ifike chini. Niongeze mbio kiasi gani?

JIBU: Marahaba mwalimu. Usiongeze hata kilomita moja. Mbio unazo, ila unazimaliza kabla hujafika zinakohitajika.

Tuanze na hiyo siti, maana umeitaja kama jambo dogo na mimi naona ndiyo iliyokuumiza zaidi. Siti ikiwa chini, goti halinyooki, na kazi yote inabebwa na misuli ya mbele ya paja. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Ipandishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na usipite alama iliyochongwa kwenye bomba la siti. Ukiipita, bomba linaweza kukatika ukiwa barabarani. Kuhusu miguu kufika chini: ukisimama, shuka kwenye siti. Kila mwendesha baiskeli wa mashindano hufanya hivyo.

Pili, gia. Wakimbiaji wengi hupenda gia nzito kwa sababu wanahisi wanafanya kazi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likipanda mara 20 hadi 22, uko vizuri. Ukipata 14 au 15, unasukuma mzigo, legeza. Kilomita ya mwisho ya baiskeli shusha gia nyingine moja, miguu izunguke kwa wepesi kabla hujashuka.

Tatu ni zile dakika 23. Kama hiyo ndiyo kasi yako unapojituma, basi ulikimbia kana kwamba mstari wa mwisho ulikuwa pale. Safari ijayo zikimbie kwa dakika 25. Utaachwa, itauma, vumilia. Wengi wa hao utakutana nao baadaye wakitembea.

Sasa mazoezi. Mara moja kwa wiki, piga baiskeli dakika 40, iegeshe, kisha kimbia dakika 10 papo hapo, bila kukaa wala kupiga soga na majirani. Mwili ukitoka kuzungusha miguu huku umeinama, hatua za mwanzo huwa nzito na fupi. Hilo hutokea hata kwa wazoefu. Piga hatua fupi za harakaharaka na usiangalie saa mpaka dakika tano zipite. Baada ya wiki nne badilisha: kimbia kilomita 1, baiskeli 5, rudia mara tatu. Siku nyingine zigawe, mbio mara mbili na baiskeli mara mbili. Hizo za baiskeli usiwe nyuma ya tairi la rafiki muda wote. Mashindano mengi ya ridhaa hukataza kujificha upepo nyuma ya mwenzako, umbali wa kawaida ukiwa mita 10, na ukizoea kubebwa, siku hiyo utaumbuka.

Chakula kisikusumbue kwa umbali huu. Uji au ndizi mbili saa mbili kabla, na chupa ya maji kwenye baiskeli. Viatu tumia hivyo hivyo vya mbio mwanzo hadi mwisho, utaokoa muda.

Halafu kofia ngumu: ifunge kamba kidevuni kabla hujagusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha baiskeli kwenye kibanio chake cha kuegeshea. Mimi niliwahi kuitoa baiskeli kamba ikining'inia. Mwamuzi akanisimamisha, nikabaki pale nafunga kwa vidole vinavyotetemeka huku watu niliowaacha kilomita nzima wakinipita mmoja mmoja.