Mafunjo yarudi, ila msiyachimbie mfereji

Mkuu umeuliza kama kurudisha mafunjo (yale majani marefu ya kinamasini) kando ya Ziwa Victoria kunasaidia kweli hawa samaki wanaoisha au ni hela za wafadhili zinaliwa tu. Mimi mtu wa Mara, nimeshika jembe miaka mitatu kwenye kikundi cha kazi hiyo hiyo. Inasaidia, ila siyo kwa sababu ambayo wengi wanadhani.

Watu wanafikiri maji yakiwa safi ndo samaki wanarudi. Wapi! Maji ya ndani ya mafunjo ni meusi kama chai ya rangi, yananuka, oksijeni kiduchu, na huo ubaya ndo ulinzi wenyewe maana sangara hawezi kukaa humo, yule anataka hewa. Aliletwa Victoria miaka ya 50 na 60, kufika mwishoni mwa 80 furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, aina kibao washapotea, wengine hata majina ya kitaalamu hawajapewa. Waliopona wengi ni wale waliokuwa na pa kujificha, kwenye miamba na humu kwenye majani. Ndo maana ngege, yule ndugu wa sato wa asili ya ziwa letu, leo ukimtaka nenda Kanyaboli kule Siaya, Kenya, kiziwa kimezungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Ziwa Nabugabo la Uganda vilevile, sangara katikati, furu wamebanana pembeni.

Nenda alfajiri utaona vimidomo vya furu vimejaa juu ya maji vinafunguka vinafumba, wanavuta ule utando wa juu wenye hewa.

Sasa ujinga wetu. Mwaka wa pili mafunjo yameshanipita kichwa, wavuvi wakalalamika mitumbwi inazunguka mbali, tukakubaliana tukate mfereji unyooke mpaka ziwani na mimi nilikuwa wa kwanza kushika panga (najuta mpaka leo). Maji ya ziwa yakaingia, yakawa meupe, watu wanashangilia, haikupita muda mgono wangu (mtego wa samaki) ukatoa sangara wa kiganja hivi, namchana tumbo namkuta na furu watatu. Tukauziba kwa viroba vya mchanga, kuuziba kulituchosha kuliko kupanda.

Halafu kuna jamaa akaja na vifaranga vya sato wa bwawani eti tupandikize tupate kitoweo haraka. Nilikataa, wakaninunia wiki nzima. Sato huyo naye ni wa kuletwa, anazaliana na ngege, wanatoka chotara, baada ya muda maji yamejaa samaki ila ngege mwenyewe hayupo.

Kwahiyo hao wafadhili wakija kwenu msiwaulize wana miche mingapi, waulizeni njia ya mitumbwi itapita wapi na samaki gani wanataka kumwaga humo. Miche yenyewe msinunue, kata kipande cha mzizi chenye chipukizi, kisimike kwenye tope, kinashika. Shida ni ng'ombe, hasa kiangazi majani ya mlimani yakikauka.