Mboga na dagaa huku milimani Mwanza: tulivyofanya sisi wa Mabatini

Dada wa Bugarika uliyeuliza jana kwamba huko juu mboga za majani mpaka ushuke barabarani, watoto wanashindia chips na maandazi, na je mtafute mfadhili kwanza au muanze wenyewe. Anzeni wenyewe. Mimi nakaa Mabatini, huku kwenye mawe ya juu kabisa, na kikundi chetu cha akina mama tumekuwa tukinunua mboga na dagaa kwa pamoja miaka kadhaa sasa, kwa hiyo nakuambia ninachokijua.

Kwanza jamani Mwanza chakula kipo. Ziwa hilo hapo chini tunaliona tukianika nguo, Igoma alfajiri mboga zinashushwa kwa viroba kutoka Kisesa na Magu huko, Buhongwa zinatoka upande wa Misungwi, machungwa yanavuka kutoka Ukerewe. Shida ni kile kipande cha kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako. Mama amepata elfu mbili yake jioni, ashuke mawe, apande daladala, anunue, arudi gizani na mzigo, nauli peke yake imeshakula hela ya mboga. Hapo jirani kuna kibanda cha chips, na chips hazitaki mkaa wake wala mafuta yake wala muda wake. Utamlaumu vipi? Kuna mradi ulikuja mtaani kwetu ukatupa semina ya lishe, fulana na vipeperushi vyenye picha za makundi ya chakula, wakapiga picha wakaondoka, na bei ya mchicha huku juu ikabaki vile vile. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, sawa kabisa, ila swali langu siku zote ni nani anazipandisha huku.

Sisi tulikuwa tayari na kikoba chetu cha Jumapili, ndo tulipoanzia, kwa sababu watu walishaaminiana kwenye hela. Hii nasisitiza, usikusanye watu wapya kwa ajili ya mboga, tumia kikundi ambacho watu wameshakopeshana wakarudishiana. Jioni kila mmoja anaandika kwenye grupu la WhatsApp anataka nini na anatuma hela palepale, asiyetuma hajaagiza, hata awe mwenyekiti. Asiye na simu kubwa anampa jirani yake. Wawili wa zamu wanaenda Igoma kabla hakujakucha, wananunua kwa kiroba na sio kwa fungu, bodaboda inaleta mpaka mwisho wa njia, halafu vijana wa mtaani wanapandisha na wanalipwa, msiwafanye wabebe bure kwa kuwa ni watoto wenu, wataacha wiki ya pili. Mgawo unafanyika kwenye kibaraza cha mama mmoja, kinachozidi anauziwa yeyote anayepita na faida inaingia kwenye mfuko wa nauli. Fungu likawa kubwa kuliko la gengeni kwa hela ileile, na hapo ndo majirani ambao walikuwa wanatuangalia tu wakaanza kuja.

Kitu kingine, ulizeni mboga imelimwa wapi. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na uchafu wote unaoujua, sisi tulikubaliana mboga iliyomwagiliwa maji yale hatununui hata iwe bei ya kutupa. Akina mama wa Kisesa ukishawazoea wanakuambia ukweli.

Sasa dagaa, maana hapa naweza kuongea mpaka kesho. Sangara unajua habari yake, minofu inaenda viwandani inapelekwa nje, sisi huku tunabaki na mapanki, yaani mifupa iliyotolewa minofu, na vichwa. Dagaa ndo samaki wetu, mtoto anamla mzima na mifupa yake yote, kwa hiyo anapata protini na madini ya mifupa kwenye mboga ya bei ya chini. Ila dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hawasogelei taa, wavuvi wengi wanapumzika na bei pale Mwaloni, soko letu la samaki, inapanda. Mama anayenunua kikombe kikombe ananunua hata siku za bei mbaya. Kikundi kinanunua gunia wakati wa giza, kinagawana, mwezi ukiwaka nyie mnakula akiba yenu. Hii peke yake ilitusaidia kuliko bustani zote tulizowahi kupanda.

Na mjue kuchagua. Dagaa wa mchanga, yaani waliotandazwa chini kukauka, wamefifia, vichwa vimekatika, ukishika mkono unabaki na vumbi. Wa chanja, yaani waliokaushwa juu ya kichanja, wanang'aa, wakavu, ukimkunja anakatika kwa sauti. Mkibisha na muuzaji ombeni maji, chota konzi moja, koroga kwenye bakuli, subiri kidogo, mchanga utauona chini na hapo mazungumzo ya bei yanabadilika. Wa chanja bei yake imechangamka lakini hutupi kitu, na ukitaka kusagia unga wa uji wa mtoto lazima awe huyo, mchanga hautoki kwa kuosha mara moja.

Bustani uliulizia pia. Huku kwetu ardhi hakuna, ni mwamba, kwa hiyo ni gunia. Chukua kopo kubwa lililotobolewa juu na chini, lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani ya kopo na udongo uliochanganywa na samadi pembeni, halafu vuta kopo juu, jaza tena, mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya kokoto ndo inapeleka maji chini, bila hiyo juu panaoza chini panakauka. Toboa matundu ubavuni, panda chinese (kabichi ya Kichina) na mchicha, juu weka matembele. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kiasi, ya sabuni hapana. Gunia halitalisha familia, niwe mkweli, linakupa mboga ya siku ambayo hela haipo, na hiyo si ndogo.

Kiangazi mboga zinapaa bei kila mahali. Waulizeni bibi zenu wa Kisukuma kuhusu nsansa, majani ya kunde yanachemshwa yanakaushwa, unakuja kuyapika na karanga. Kausheni kivulini penye upepo, jua kali linaua vitamini A. Mgagani nao watoto wanaukataa kwa uchungu, chemsha umwage maji ya kwanza halafu malizia na maziwa, wangu wanakula.

Kuhusu wauza chips na maandazi karibu na shule, naona kuna mchangiaji hapo juu anataka wafukuzwe. Mimi nakataa kabisa. Wale ni majirani zetu na wana watoto wanaosoma shule hiyohiyo. Sisi tulikaa nao, tukawapa viazi vitamu na ndizi kwa bei ya kikundi, sasa pembeni ya maandazi kuna viazi vya kuchemsha, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) msimu wake ukifika, na machungwa. Muuza chips mmoja anaweka kachumbari ya kutosha bila kuongeza bei kwa sababu nyanya anazipata kwetu.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hauna riba na ni mzuri, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze usajili wa kikundi. Ila usianze nao. Zungusheni kwanza hela zenu mpaka mjue mzigo wa wiki ni kiasi gani, mkienda pale mnaomba kitu mnachokijua, mfano pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mzigo, sio hela ya kugawana.

Bugarika kwa ulivyoelezea, nyumba zilivyotawanyika, mngeanza na dagaa maana wakavu hawaozi haraka, mboga zifuate mkishazoea zamu. Ukiwa tayari njoo inbox nikuunganishe na mama tunayenunua kwake Mwaloni, anauza wa chanja tu.